Kibali Kikiisha, na Kazi Iishe? Mjadala juu ya siku 90 za Kanada

Kanada ina kanuni ambayo watu wetu wengi huijua siku wanapoihitaji, si kabla. Ni kifungu cha 182 cha Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi. Mgeni, mwanafunzi au mfanyakazi ambaye muda wa kibali chake umepita anazo siku 90, tangu alipopoteza hadhi, za kuomba arejeshewe. Akiomba ndani ya siku hizo, akaonyesha kwamba bado anatimiza masharti aliyoruhusiwa kukaa kwayo na kwamba hakuvunja sharti jingine, ofisa wa uhamiaji hana budi kumrejeshea. Ikifika siku ya 91, njia hiyo imefungwa.

Je, kanuni hii inamtendea haki aliyepitisha tarehe? Jibu langu sitalificha. Siku 90 ni haki, lakini kumkataza mtu kazi kwa muda wote anaosubiri jibu ni adhabu iliyozidi kosa. Hata hivyo wanaonipinga wana akili zao timamu, na baadhi yao ni wazee wetu wenyewe, kwa hiyo nao nimewapa nafasi. Wanaozungumza hapa si watu halisi. Nimewaunda kutokana na hoja zinazozuka kila makaratasi yanapotajwa katika jumuiya za Waafrika Mashariki kule Edmonton, Winnipeg au Toronto. Mzee ni raia wa Kanada tangu miaka ya 1990. Wakili ni dada wa Kikenya anayeshughulikia kesi za uhamiaji. Mama anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kijana amemaliza chuo, na kibali chake cha kazi kimekwisha.

Mzee: Nianze mimi, maana naona nitakuwa peke yangu. Kibali kina tarehe, na tarehe imechapwa wazi. Mtu anakipokea, anakipiga picha, anawatumia ndugu nyumbani kwa furaha, kisha anakitia kwenye bahasha na hakisomi tena. Uingereza, aliyepitisha tarehe ana siku 14 tu, na lazima aeleze sababu nzito iliyokuwa nje ya uwezo wake. Marekani, ukikaa zaidi ya siku 180 bila ruhusa halafu ukatoka, hurudi kwa miaka 3. Ukifikisha mwaka mzima, miaka 10. Ndiyo sheria yao tangu 1996. Kanada inampa mtu miezi mitatu ya kujirekebisha. Ni nchi gani nyingine inafanya hivyo? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamepewa jembe, tena na shamba la kulima. Kilichobaki ni wao kuheshimu muda waliopewa.

Kijana: Shikamoo, Mzee.

Mzee: Marahaba, mwanangu.

Kijana: Mimi kibali changu nilikisoma, ila nilikisoma nikiwa na jibu tayari kichwani. Nilisoma programu ya miaka miwili, na mtu wa programu hiyo hustahili kibali cha kazi baada ya masomo cha hadi miaka mitatu. Kila mtu darasani alisema mitatu, na mimi nikashika mitatu. Lakini hawatoi kibali kinachovuka umri wa pasipoti, na pasipoti yangu ilikuwa imebakiza mwaka na miezi kadhaa. Ofisa akakikata hapo. Hakukosea. Mimi ndiye niliyeona nilichotarajia kuona.

Mama: Uligundua vipi, mwanangu?

Kijana: Kazini. Namba ya bima ya jamii ya sisi wa muda huanza na tarakimu 9, na ina tarehe yake ya mwisho, ile ile ya kibali. Mtu wa ofisi ya mishahara akaniita, kwa upole kabisa, akaniomba nilete karatasi mpya. Nikamwambia bado nina karibu miaka miwili. Akageuza kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe. Kibali kilikuwa kimekwisha siku tisa nyuma. Nikavua kitambulisho cha kazi nikakiacha mezani kwake, nikatoka.

Wakili: Hizo siku tisa ulizofanya kazi bila kujua, kwenye maombi ulizitaja?

Kijana: Nilizitaja zote, na zamu zake.

Wakili: Ulifanya vyema. Wengi huzificha, halafu zinaonekana kwenye hati za mshahara, na hapo kosa la kusahau linageuka kuwa kosa la kusema uongo. Kupotosha ukweli mbele ya Uhamiaji kunaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 5. Siku tisa zinaelezeka. Uongo hauelezeki.

Naomba msomaji aelewe Wakili anazungumzia nini, kwa sababu hapa ndipo kiini cha ugomvi kilipo. Kanada ina njia mbili ambazo kwa jina zinafanana na kwa matokeo zimetengana kabisa. Anayeomba kuongezewa muda kabla kibali hakijaisha, hata kama ni siku moja kabla, hadhi yake inaendelea kisheria hadi atakapojibiwa. Mfanyakazi wa namna hiyo huendelea na kazi yake kwa masharti yale yale, chini ya kifungu cha 186(u), hata jibu likichelewa miezi. Anayeomba siku moja baada ya kibali kuisha yuko kwenye njia ya pili, ya kurejeshewa hadhi. Fomu yake ni ile ile, IMM 5710 kwa wafanyakazi. Tofauti ni kisanduku anachotia alama. Anaongeza ada ya kurejeshewa hadhi, zaidi ya dola 200, juu ya dola 155 za kibali cha kazi, na kama ni kibali kisichofungwa kwa mwajiri mmoja, dola 100 nyingine. Fedha hizo zinalipika. Jambo lisilolipika ni hili: tangu hapo hadi jibu lije haruhusiwi kufanya kazi wala kusoma. Kwa kawaida anabaki nchini akisubiri, lakini anabaki bila hadhi.

Mzee: Sawa, lakini mstari lazima uchorwe mahali. Ukiusogeza siku moja mbele, kutakuwa na mtu wa siku ya pili anayelia. Ukimsogezea yeye, wa siku ya tatu naye atataka. Sheria isiyo na tarehe si sheria.

Wakili: Tarehe sina ugomvi nayo, Mzee wangu. Ugomvi wangu ni na kilichowekwa ng'ambo ya pili ya hiyo tarehe. Mwenye deni la kodi akichelewa hutozwa faini na riba. Hafungiwi duka miezi sita wakati faini inahesabiwa. Hapa mtu amelipa faini yake, ametuma fomu ndani ya muda ambao sheria yenyewe imempa, na bado anazuiwa kula kwa jasho lake hadi serikali ipate nafasi ya kusoma faili lake. Urefu wa adhabu yake haupimwi kwa ukubwa wa kosa. Unapimwa kwa mrundikano wa mafaili ofisini. Wawili waliochelewa siku moja moja, mmoja atajibiwa baada ya miezi miwili na mwingine baada ya saba. Ni haki gani hiyo?

Mama: Na ile methali yako, Mzee, umeitaja vizuri. Mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Huyu amenyang'anywa jembe, na bado anaambiwa ajilishe.

Mzee: Mama, hilo limenifika. Lakini hujanijibu. Kwa nini hakuomba mapema?

Mama: Yeye amekwisha kukujibu, hakutazama. Lakini wapo waliotazama na bado wakapitishwa. Ngoja nikupe wa kwetu kazini. Dada mmoja aliletwa na mwajiri kwa kibali kilichofungwa kwa huyo mwajiri peke yake. Jina la mwajiri limeandikwa kwenye kibali; kwingine haruhusiwi hata kufagia. Miezi minne kabla ya kuisha akamkumbusha mwajiri. Akaambiwa, tulia, tunashughulikia. Miezi miwili kabla, akaambiwa makaratasi yako kwa mwanasheria wa kampuni. Mwezi mmoja kabla, zamu zikaongezwa, za usiku mfululizo, na malipo ya saa za ziada hayakuonekana. Angesema nini? Makaratasi yako mkononi mwao. Kibali kikaisha, na makaratasi hayajaonekana mpaka leo.

Mzee: Si kuna njia ya kumsaidia mtu anayenyanyaswa na mwajiri? Nimesikia kuna kibali maalumu.

Wakili: Kipo, tangu Juni 2019. Mfanyakazi aliyefungwa kwa mwajiri mmoja, akinyanyaswa au akiwa hatarini kunyanyaswa, anaweza kuomba kibali kinachomruhusu kufanya kazi popote. Ni kitu kizuri na kimeokoa watu. Lakini soma masharti. Mwombaji awe na kibali ambacho bado hakijaisha, au awe ameomba kuongezewa muda kabla hakijaisha. Ambaye kibali kimeshaisha hahesabiwi.

Mzee: Maana yake?

Wakili: Maana yake mwajiri mbaya akivuta muda mpaka tarehe ipite, ameua ndege wawili. Mfanyakazi hawezi kuongeza muda bila hati za mwajiri, na hawezi kuomba ulinzi dhidi ya mwajiri huyo huyo. Anabaki na siku 90, na ndani yake apate mwajiri mwingine ambaye ameidhinishwa kuajiri mgeni. Idhini hiyo pekee inaweza kuchukua miezi. Ushauri ninaowapa watu kama huyo dada ni kwamba aombe angalau kurejeshewa hadhi ya mgeni wa kawaida, ili asiangukie siku ya 91 mikono mitupu. Atakuwa nchini kihalali. Lakini mgeni wa kawaida hafanyi kazi, na ile nafuu iliyokuwa ikimruhusu mgeni kuomba kibali cha kazi akiwa humu humu ndani iliondolewa Agosti 2024.

Nimemweka Mama aeleze kisa hicho kwa sababu katika mijadala yetu mtu aliyepitisha tarehe huchorwa daima kama mzembe. Uzembe upo, na Kijana amekiri wake. Lakini kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja humfanya mtu awajibike kwa tarehe ambayo funguo zake anazo mwingine. Sheria inapomhukumu aliyesahau na aliyecheleweshwa kwa makusudi kwa hukumu moja, inampa mwajiri mbaya silaha asiyokuwa nayo kabla. Sioni namna ya kulitetea hilo, na katika wote niliowasikia wakiitetea kanuni hii, hakuna aliyewahi kulijibu moja kwa moja.

Mzee: Basi nami niseme la moyoni. Mnaongea kana kwamba Kanada ya leo ni ile niliyoingia mimi. Siyo. Nyumba hazipatikani, na watu wanawanyooshea wageni vidole. Machi 2024 waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Marc Miller, alitangaza kwamba wakaazi wa muda wapunguzwe hadi asilimia 5 ya watu wote. Yeye huyo huyo alisema wasio na makaratasi wanakadiriwa kati ya 300,000 na 600,000. Katika hali hiyo mnataka milango ilegezwe? Kila ulegevu tunaouomba, kesho unatumika kutufungia sisi sote, pamoja na wale waliofuata sheria. Mimi ndugu zangu bado wanaomba viza. Nani atawapa, ikisemwa watu wetu hawatoki?

Wakili: Hofu yako ni ya kweli, na siibezi. Lakini hesabu yake umeigeuza. Jiulize, hao laki kadhaa wasio na makaratasi walitoka wapi? Wengi hawakuvuka mpaka usiku. Waliingia uwanja wa ndege na viza, wakagongewa muhuri. Wakapoteza hadhi baadaye. Sasa chukua mtu katika siku zake 90. Kodi ya nyumba inamsubiri tarehe mosi. Mtoto wake ana njaa. Sheria inamwambia, kaa hivyo miezi mitano, sita, nitakujibu. Anaitwa na mtu wa kusafisha majengo usiku, malipo taslimu mkononi. Akienda, amevunja sharti jingine, na maombi yake sasa yana doa. Akiona yana doa, anaacha kufuatilia, au hayatumi kabisa. Siku ya 91 inapita. Hapo umepata mmoja zaidi katika hao laki kadhaa, na umemtengeneza wewe mwenyewe kwa kanuni uliyoiita ya kulinda mpaka.

Mzee: Au atakuwa na subira, kama wengine wanavyokuwa nayo.

Kijana: Mzee, subira ninayo. Miezi minne sasa. Naomba nikueleze subira yenyewe inafananaje. Kadi ya afya ilikuwa imefungwa kwa kibali, nayo ikafa. Jino liliponiuma nilikunywa dawa za kutuliza maumivu wiki nzima. Chumba nimerudisha, nalala sebuleni kwa rafiki, na asubuhi nakunja godoro kabla watoto wake hawajaamka kwenda shule. Mimi ndiye niliyekuwa natuma nyumbani kila mwisho wa mwezi. Sasa mama yangu ameuza ng'ombe, akanitumia mimi huku. Ng'ombe wa Bungoma analipa chakula Winnipeg. Na miezi hii yote haihesabiwi. Nilikuwa nakusanya mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, ili niingie kwenye mfumo wa Express Entry kuomba ukaazi wa kudumu. Saa inayohesabika ni ya kazi iliyoruhusiwa. Yangu imesimama.

Mama: Pole sana, mwanangu. Na kwa nini hatukuambiwa?

Kijana: Ningemwambia nani, Mama? Hili jambo ukilisema, kesho liko kwenye kila kundi la simu. Watu wakikuona wanaanza kukuhesabia siku. Kuna mmoja nilimweleza, akaniletea mtu wa kunisaidia, akasema ana njia ya ndani. Alitaka dola 1,500 kwanza.

Wakili: Ulimpa?

Kijana: Nilimpa mia tano. Simu yake haipatikani tena.

Wakili: Nisikilizeni wote, na mkalitangaze hili mnakokaa. Kisheria, anayeruhusiwa kutoza fedha kwa kazi ya uhamiaji Kanada ni mwanasheria mwenye leseni, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. Orodha ya washauri hao iko wazi, mtu yeyote anaitazama bure, na jina likikosekana usitoe hata senti. Hakuna njia ya ndani. Hata ile ya kwenda mpakani na Marekani, kugeuza na kurudi ili upewe kibali hapo hapo, ilifungwa kwa vibali vya kazi na masomo tarehe 23 Desemba 2024. Anayekuuzia hiyo leo anakuuzia jengo lililobomolewa.

Mama: Sasa mimi nina la kwetu, na nitalisema mbele ya Mzee. Mtu wetu akifariki huku, tunachanga. Ndani ya siku tatu maelfu yamepatikana, jeneza limepanda ndege. Sikatai, ni heshima, na nitaendelea kuchanga. Lakini huyu aliye hai, anayehitaji dola mia tano za ada na mia kadhaa za kodi ya chumba, tunamtazama kwa jicho la pembeni. Chama chetu kina mfuko wa msiba. Wa makaratasi hakuna. Nani alisema aliyekufa ana haki zaidi?

Mzee: Hilo halina mjadala. Mfuko tutauanza, na mimi nitakuwa wa kwanza. Lakini mfuko ni wetu. Sheria ni jambo jingine, na bado hamjanionyesha kwamba inaweza kubadilika bila watu kuichezea.

Wakili: Imekwisha kubadilika mara moja, na wewe ulikuwapo. Julai 2020, wakati wa Korona, serikali ilitoa sera ya muda. Waliopoteza hadhi kuanzia 30 Januari 2020 wakaruhusiwa kuomba kurejeshewa hata kama siku 90 zimepita. Sera hiyo ikaongezwa baadaye hadi 31 Agosti 2021. Na si hivyo tu. Waliokuwa na kibali cha kazi hapo kabla, wakawa na ofa ya kazi, waliruhusiwa kufanya kazi wakati maombi yao yanashughulikiwa. Ruhusa ile ile tunayoambiwa leo haiwezekani.

Mzee: Lilikuwa janga. Ndege hazikuruka.

Wakili: Kweli. Sababu ya kulegeza siku 90 ilikuwa janga, na simwombei mtu leo siku 91. Lakini sababu ya kuwaruhusu kufanya kazi ilikuwa nyingine: waliona kwamba mtu aliyeomba, anayejulikana alipo, mwenye mwajiri anayemhitaji, hana faida kwa yeyote akikaa bure. Sababu hiyo haikuondoka na barakoa. Nyumba ya wazee ya Mama ina upungufu wa watu leo pia.

Mama: Jana usiku tulikuwa wawili kwa wazee ishirini na wanne.

Mzee: Nieleze basi. Nikikubali, nitakuwa nimekubali nini hasa? Maana ukisema tu kila aliyechelewa aendelee na kazi, kesho hakuna atakayeomba mapema. Watasema, siku 90 zipo, kazi inaendelea, haraka ya nini?

Swali hilo ndilo zito kuliko yote aliyouliza Mzee, na napenda nilijibu mwenyewe badala ya kumwachia Wakili. Sidhani kama watu watachelewa makusudi. Anayechelewa analipa ada ya ziada. Hadhi yake inakatika, na pengo hilo linabaki kwenye faili lake maisha yake yote ya uhamiaji. Akikataliwa, siku zake 90 kwa kawaida zimekwisha kupita, haombi tena kwa njia hii. Lazima aondoke, na akikaidi anaweza kupewa amri ya kumtoa nchini na kumzuia asirudi kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo kilichobaki ni maombi ya huruma chini ya vifungu vya 24 na 25 vya Sheria ya Uhamiaji ya 2001, ambako ofisa anaweza kukubali au kukataa apendavyo kwa sababu zake. Mtu mwenye akili hachagui hatari hiyo ili kuokoa dakika za kujaza fomu mapema. Marufuku ya kazi haiongezi woga ambao haupo. Inaongeza njaa.

Hata hivyo Mzee ana haki ya kudai mipaka. Ningeiweka hivi: ruhusa iwe ya aliyekuwa na kibali cha kazi kilipoisha, aliyetuma maombi ndani ya siku 90, kwa mara ya kwanza, na asiye na doa jingine. Ianze siku maombi yanapopokelewa, si siku kibali kilipoisha, ili pengo la uzembe abaki nalo mwenyewe. Akikataliwa, ruhusa ife siku hiyo hiyo. Na mwenye kibali cha mwajiri mmoja aruhusiwe, ndani ya siku hizo hizo 90, kuomba kile kibali cha walionyanyaswa.

Mzee: Mimi ningesema siku 30, si 90. Anayetaka kujirekebisha hahitaji miezi mitatu kuijaza fomu. Akiomba ndani ya 30, kazi iendelee. Akiomba ya 80, asubiri bila kazi.

Wakili: Na anayengoja pasipoti mpya? Bila pasipoti ambayo muda wake haujaisha hapewi kibali. Kuna wanaopata miadi ya alama za vidole wiki ya sita.

Kijana: Mimi pasipoti yangu ilifika siku ya 71.

Mzee: Basi anayeonyesha risiti kwamba aliomba pasipoti ndani ya 30, ahesabiwe amewahi. Zaidi ya hapo sisogei.

Wakili: Siyo nilichotaka, lakini kinaandikika. Kifungu cha 186 tayari ni orodha ndefu ya wanaoruhusiwa kufanya kazi bila kibali mkononi. Hakuna sheria mpya ya kupitisha bungeni. Ni aya moja kuongezwa kwenye kanuni, na kanuni hubadilishwa na baraza la mawaziri.

Mama: Nani ataipeleka? Sisi wa vibali hatupigi kura.

Mzee: Napiga mimi, tangu uchaguzi wa 1997. Ofisi ya mbunge wetu iko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Dada yangu Wakili aiandike hiyo aya kwa lugha yao, nami nitaweka kisa cha kijana huyu na cha yule dada wa Mama, ili wasome wajue tunazungumzia watu.

Kijana: Kisa kiweke, Mzee. Jina langu usiliweke, faili bado liko mezani kwao.

Wakili: Na yule dada, Mama, kibali chake kiliisha lini hasa?

Mama: Wiki ya pili ya mwezi uliopita.

Wakili: Mpe namba yangu leo. Barua ya mbunge inaweza kungoja. Zake zimebaki chini ya siku 60.